Darasa la mito na samaki pale Tudor: nimelipia viti viwili, nikaenda na mamangu

Watu kama sita hivi washaniuliza kama lile darasa la Jumamosi la mito na samaki pale Tudor, Mombasa, lafaa hela yake ama ni zile za kukaliswa kwenye viti vya plastiki mtu akusomee slaidi mpaka usinzie. Lafaa. Nendeni. Lakini wacheni nieleze vizuri manake kuna sehemu zilinishika mpaka nikasahau kama nina simu mfukoni, na kuna sehemu lazima wazirekebishe, na mimi hela yangu ni ya jasho kwa hivo nasema yote mawili.

Kwanza mjue natoka wapi. Mamangu ni mama karanga, amekaanga samaki Likoni huu mwaka wa thelathini na kitu, sisi sote watoto wake tumesomeshwa na lile karai. Upande wa baba ni watu wa Tana Delta, babu alikuwa mvuvi wa mtoni si wa baharini, kambare, kamongo, perege na ile mikunga mirefu inayoteleza kama sabuni, na mpaka anaingia kaburini alikuwa yuwasema mto huu si ule aliozaliwa nao, maji hayaji tena wakati wake. Sisi wajukuu tukidhani ni uzee. Kwa hivo nilipoliona tangazo limebandikwa pale karibu na stendi limeandikwa ukuta wa bwawa ukivunjwa samaki wa mto wafanya nini, nikalipia watu wawili palepale, 1,200 kila mtu na chakula ndani, mtoto 500.

Kufika si taabu, watoka feri wapanda matatu ya Tudor mpaka mwisho alafu watembea kama dakika saba kuteremkia kriki. Ukumbi ni wa kawaida, una madirisha makubwa na upepo mzuri. Saa ya kuanza waliandika mbili na nusu asubuhi, tukaanza saa nne kasorobo. Hii si sawa hata kidogo. Mamangu aliamka alfajiri akaacha kazi yake kwa mtu ili awahi, na siku ya Jumamosi kwa mama karanga ni siku ya hela, kwa hivo mtu akimwambia njoo saa fulani naye amekuja, mheshimu. Saa tatu walileta chai na mahamri na mbaazi, zilikuwa tamu, lakini mbaazi si jibu la kuchelewa. Na malipo pia, mimi yangu iliingia ya mama ikapotea njiani, nikaonyesha ujumbe wa M-Pesa wakamuingiza tu bila maneno mengi na ile iliyokatwa mara mbili ikarudi kesho yake. Hapo nawapa haki yao.

Sasa asubuhi ile ya slaidi, kusema kweli ilikuwa nzito. Projekta ilikuwa hafifu na kila jina la samaki liko kwa Kizungu na la kisayansi juu yake, mamangu akawa aniuliza kila mara huyu ni nani, huyu ni nani, nikawa mimi ndio mkalimani. Watu kumi na nane mle ndani, nusu ni wavuvi ama watu wa biashara ya samaki, hawakuja kusoma Kilatini. Na kuna kijana mmoja msaidizi, mchangamfu, anajua kuongea, lakini alisema ati ukiondoa ukuta samaki wote warudi mwaka uleule. Si kweli, na bahati nzuri mwalimu mwenyewe, mzee mstaafu wa mambo ya uvuvi, alisimama palepale akamrekebisha kwa adabu akasema mwanangu, wengine warudi kwa wiki, wengine kwa miaka kumi, wengine hawarudi, na wengine hawakuwa wameondoka, walikuwa wamelala ndani ya mto. Hilo neno la mwisho lilifanya watu wote wageuke.

Akatuambia tufunge daftari tutoke nje tukaone meza.

Hii meza ndio naisifu. Ni kama sinia ya mabati ndefu, urefu wa mtu mzima na nusu, wameinamisha upande mmoja, imejaa mchanga wa mto na changarawe, juu kuna pampu ndogo ya hodhi la samaki yapeleka maji, chini kuna beseni ndio bahari. Katikati amechomeka kipande cha ubao, ndio bwawa. Alafu ana vikombe vya nafaka. Choroko ni heringi wa mtoni, wale wanaokaa baharini wakapanda mto kuzaa. Kunde ni samoni, nao vilevile. Mtama ni wale samaki wadogo wakaazi, wapenda maji yanayokimbia juu ya mawe. Maharagwe ni wapenda maji yaliyotulia, karpi na wenziwe. Na vipande vya mshipi mweusi ndio mikunga. Mamangu alipoona zile nafaka akacheka kwa furaha akasema haya sasa ni mambo yangu, akasogea mbele kabisa, na kutoka hapo sikumtafsiria tena kitu chochote.

Mwalimu akafungua maji. Ikawa nyuma ya ubao paanza kujaa, maji yatulia, mchanga wote unaokuja na mkondo unaanguka pale unatulia kama uji, na chini ya ubao maji yatoka meupe hayana mchanga yanaanza kukwangua kitanda cha mto mpaka changarawe ndogo zote zikaenda baharini zikabaki kokoto kubwa tu. Akasema samoni ataga mayai kwenye changarawe, hakuna changarawe hakuna kitanda cha kuzalia, hata kama ukuta ungekuwa na mlango. Akazipanga nafaka kwa mkono. Maharagwe tele nyuma ya ubao. Mtama kidogo kule juu kabisa. Choroko na kunde zote zimerundikana chini ya ubao zagonga kichwa. Kipande kimoja tu cha mshipi juu. Akatuacha tutazame kama dakika mbili hivi bila kusema kitu.

Mamangu akauliza swali ambalo mpaka leo nalifikiria. Akasema mwalimu, na hawa wa bwawani, ukivunja ukuta, waenda wapi?

Mzee akamuitikia, bi mkubwa hapo ndipo penyewe, manake watu wote huuliza wanaorudi hakuna aulizae wanaopoteza nyumba. Akaeleza kule Marekani mto Klamath, mpaka wa Oregon na California, kulikuwa na mabwawa manne ya umeme, la kwanza la 1918, na Januari 2024 wakaanza kuyateremsha maji. Samaki waliokuwa wamezoea maji yale yaliyosimama, wengi wao si wenyeji wa mto ule, waliletwa na watu, wakafa wengi kwenye matope. Mamangu aliumia sana kusikia hivo, akasema samaki wote wale wameoza bure na kuna watu wana njaa, na mwalimu hakumpinga wala hakumcheka, akasema ni kweli ni uchungu, na wanaofanya kazi ile wajua ni uchungu. Alafu akampa mfano wa Wisconsin, mto Milwaukee, bwawa la Woolen Mills liliondolewa 1988, pale palipokuwa na ziwa la tope karpi wakapungua, wakaja samaki waitwao basi, wapenda mawe na maji ya kasi, samaki anayependwa na wavuvi wa ndoana huko. Mto ni uleule, maji ni yaleyale, wakaazi wamebadilika. Akachukua maharagwe akayatoa karibu yote akabakisha machache kwenye vibwawa vya pembeni, akaweka mtama. Akasema hii ndio hesabu ya kwanza, usihesabu samaki wangapi, hesabu samaki gani.

Mimi hapo ndio niliona hela yangu imefanya kazi.

Alafu akauvuta ubao mara moja, pwaa. Jamani. Ile tope yote iliyolala ikashuka kama gari limekatika breki, ikafunika kunde zote zilizokuwa chini, beseni likawa rangi ya chai ya maziwa. Watu wakasema aaah. Akasema hivi ndivyo walivyofanya bwawa la Condit kule mto White Salmon jimbo la Washington, Oktoba 2011, walitoboa chini ya ukuta kwa baruti na ziwa lote likaisha kwa muda wa saa moja na kitu, na kwa sababu walijua litakuja nini, samoni waliokuwa tayari kutaga walivuliwa mapema wakahamishiwa juu ya ukuta. Akazoa mchanga upya, akajenga upya, safari hii akaukata ule ubao kidogo kidogo kwa vipande alivyovikata mapema, maji yashuka ngazi kwa ngazi, tope inatoka pole. Hii ndio Elwha, mto mwingine wa jimbo hilohilo. Kuta mbili, ya chini ya 1913 na ya juu, Glines Canyon, ya 1927 yenye kimo cha mita 64. Walianza Septemba 2011 wakamaliza Agosti 2014. Nyuma ya kuta zile mbili kulikuwa kumelala mchanga na tope kama mita za ujazo milioni 20, na hata kwa mwendo ule wa pole miaka ya mwanzo mto ulikuwa mchafu samaki wachanga wakapata taabu. Lakini huko chini mdomoni mwa mto mchanga ukajenga pwani mpya, ikasogea mbele baharini, pale palipokuwa pamekwanguliwa kwa miaka mia kwa kukosa mchanga, na yale maji ya mdomo yaliyokuwa ya chumvi-chumvi yakawa matamu zaidi na samaki wa pale nao wakabadilika.

Hapo mvuvi mmoja wa Mtwapa akasema kwa hivo mto ukifungwa juu pwani nayo yaliwa, na mzee akasema ndio, mchanga wa pwani haukuanguka kutoka mbinguni, uliletwa na mto. Tulikaa hapo kama dakika kumi watu wabishana juu ya Sabaki na ule mchanga mwekundu unaomwagwa Malindi, wengine wasema ni mwingi mno wengine wasema uache uje. Ningependa mazungumzo yale yangeachwa yaendelee lakini kijana msaidizi akaangalia saa.

Sasa hii ya waliolala ndani ya mto. Elwha kule juu ya kuta kulikuwa na trauti waliofungiwa karibu miaka mia moja. Zamani kabla ya kuta, wengine wa kabila hilo la samaki walikuwa wakienda baharini wakarudi wakubwa wazito, wale wanaitwa stilhedi, ni samaki mmoja tu, anayekaa mtoni ana jina lake, na aliyesafiri ana lake. Ukuta ulipoondoka, stilhedi wa kiangazi ambao walikuwa hawaonekani tena wakaanza kurudi kutoka baharini, na walipopimwa vinasaba wakakutwa ni kizazi cha wale wale trauti waliofungiwa juu. Yaani safari ilikuwa imo damuni imengoja mlango. Mwalimu alilisema hili polepole na alikuwa ameshika punje mbili za mtama akazigeuza akazipaka rangi nyeusi ya kalamu akaziweka kwenye beseni la bahari. Mimi nilifikiria babu yangu. Nilifikiria vile mtu aweza kukaa pahala mpaka watu wakasahau alitoka wapi, na yeye mwenyewe hajasahau.

Na wale Wahindi Wekundu wa pale mdomoni, kabila la Lower Elwha Klallam, walikubali kuuacha uvuvi mto mzima tangu 2011 ili samaki wapate nafasi, wakaja kuvua tena kidogo Oktoba 2023. Miaka kumi na mbili. Mamangu aliguna kwa nguvu. Mtu wa samaki ajua miaka kumi na mbili bila samaki ni nini.

Kwenye habari za kuhesabu alikuja na mto Kennebec na Penobscot kule Maine. Bwawa la Edwards la Kennebec lilikuwapo tangu 1837, likaondolewa Julai 1999, na ndio mara ya kwanza serikali ya Marekani kumnyima mwenye bwawa la umeme leseni mpya na kuamuru ling'olewe bila mwenyewe kutaka. Mto ukafunguka kilomita 27, na mwaka uleule samaki wa baharini wakaonekana juu pale ambapo hapakuwa na mtu hai aliyewahi kuwaona. Penobscot wakang'oa mawili, 2012 na 2013, na kwenye bwawa la juu lililobaki wakaweka lifti ya samaki ambayo pia yahesabu. Kabla ya hapo heringi walikuwa wahesabiwa kwa maelfu tu. 2014 wakapita zaidi ya laki na nusu. 2018 zaidi ya milioni mbili. Hapa nampa mzee maksi za ukweli kwa sababu hakutuacha tudhani ni ukuta peke yake, alisema walisaidiwa pia, heringi walibebwa kwa malori wakapelekwa maziwa ya juu wazalie huko ili watoto wao waijue njia. Na samoni wa mto huohuo hawakuongezeka hivo, manake shida za samoni ziko baharini pia na ukuta haukuwa shida yake peke yake. Stajeni mdomo-mfupi, samaki mkubwa wa zamani mwenye magamba kama ngao, alikuja kuonekana juu ya pale palipokuwa bwawa la Veazie, moja la yale mawili, mwaka 2015. Kila mmoja na saa yake.

Na heringi wakija hawaji peke yao. Nyuma yao waja samaki wakubwa wanaowala, na tai na furukombe wakajaa miti ya kandokando, mtu wa Kennebec azijua siku za heringi kwa kuangalia juu tu. Mwalimu akamwaga choroko mkono mzima kwenye meza akasema hii ni mbolea ya bahari imepanda mlima kwa miguu yake. Nimelipenda hilo neno.

Mikunga sasa, ambao ndio nlikuja kwa ajili yao. Samoni azaliwa mtoni akakulia baharini, mkunga wa mtoni ni kinyume chake, azaliwa bahari kuu, aja mtoni kukua miaka na miaka, akishakomaa ashuka kuzaa baharini na kufa. Kwa hivo ukuta wamuua mara mbili, akipanda mdogo azuiwa, akishuka mkubwa apitia kwenye mapanga ya mtambo wa umeme. Virginia kule mto Rappahannock bwawa la Embrey lilitobolewa 2004, na mikunga ikaongezeka kwenye vijito vya milimani zaidi ya kilomita mia moja juu, na mingi yao ni midogo, manake sasa wadogo waweza kufika. Hakuna aliyewabeba. Mlango ulifunguka wakajipeleka. Mwalimu akachukua vile vipande vya mshipi vyote akavipanga kimoja kimoja mpaka juu kabisa ya meza, na mimi bila aibu nasema macho yalinijaa, kwa sababu babu alikuwa na ishara ya mkono ya kuonyesha mkunga anavyopanda, vidole vinapinda vinapanda hewani, na nilikuwa sijaikumbuka tangu nikiwa mdogo.

Chakula cha mchana kilikuwa wali wa nazi na samaki wa kupaka na kachumbari, changu wa kuchomwa vizuri, tui zito, mamangu mwenyewe alisifu na yeye hasifu samaki wa mtu. Ila maji ya kunawa hayakuwapo. Mfereji mkavu, wameweka jerikeni moja ya lita ishirini kwa watu wote. Najua hali ya maji mji huu si kosa lao, sote twanunua kwa mkokoteni, lakini wangeweka jerikeni tatu.

Na jambo la maji ndilo lililoleta moto mchana. Kuna kaka mmoja, fundi wa mabomba kutoka Mikindani, alisimama akasema mwalimu yote haya ni mazuri lakini sisi watu wa Mombasa twaomba mabwawa, hatuombi yavunjwe, maji yetu yatoka mbali, Mzima, Baricho, sasa lajengwa Mwache huko Kwale na tunalingoja kwa hamu, wewe watuambia nini? Watu wakapiga makofi. Nikadhani mzee atababaika. Hakubabaika. Alisema hakuna aliyekuja hapa kumwambia mtu mwenye kiu avunje birika. Kule Marekani wavunjayo mengi ni mazee, yameshazaa yakaisha, kuyakarabati ni ghali kuliko umeme yanaotoa, na hata huko si kila ukuta wavunjwa. Kwenye yale Maziwa Makuu ya huko Marekani Kaskazini kuna lamprei wa baharini, mnyonya damu, aliingia kupitia mifereji ya meli akamaliza samaki, na kuta nyingi za chini za mito yake ndizo zinamzuia asipande kuzaa, kwa hivo watu wa samaki wenyewe wasema zile ziacheni. Kila ukuta na hukumu yake. Akasema ukijua samaki gani alirudi mlango ulipofunguliwa, ndio wajua ulimfungia nani ulipoujenga, na ambaye anajenga leo aweza kujua leo, asingoje miaka mia.

Alafu ndio akafika Tana, na hapa nina lawama yangu kubwa. Dakika ishirini tu! Alitaja kuta tano za mto juu kwa miaka yake, Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988, akasema zatoa umeme wa nchi na hakuna mazungumzo ya kuzivunja, akasema mafuriko ya Tana ndiyo yaliyokuwa yakijaza maziwa ya delta ambamo kambare na perege wazaliana, na bwawa kubwa hukata kilele cha mafuriko, kwa hivo kabla ya kufikiria kuvunja kuna kitu cha kufikiria, kuachilia maji kwa majira yake kama mto ulivyokuwa ukifanya wenyewe. Na kwa mkunga kuna ngazi zake, njia nyembamba yenye brashi inayolowanishwa, mkunga mchanga ajua kupanda pahala palipolowa, kule ulaya zawekwa kwenye kuta nyingi. Bas. Akaishia hapo kwa sababu ya saa. Masaa yote yaliyoliwa asubuhi kwa kuchelewa yalikatwa kwenye mto wetu! Nilimfuata baada nikamwambia, kwa heshima lakini nikamwambia, mwalimu watu wa Tana tumekaa mle ndani tangu saa mbili na nusu, tulifaa tupate zaidi ya hapo. Alikubali. Hakujitetea, alinishika mkono akasema umesema kweli. Alimuuliza mama babake mume alikuwa akivulia wapi, mitego gani, msimu gani wapanda mikunga, akaandika yote kwenye daftari lake.

Na ile ya Klamath ya vifaranga pia alipita mbio, ikabidi nimuulize nje. Mwanzoni mwa 2024 walivitoa vifaranga vya samoni kama 830,000 kutoka pahala pa kulelea wakaviachilia juu ya bwawa la Iron Gate ambalo lilikuwa bado halijaondolewa, maji yakavipitisha kwenye shimo la chini ya ukuta, mgandamizo ukavitia mapovu ya hewa mwilini vikafa vingi. Wakabadilisha pahala pa kuachilia. Halafu Oktoba mwaka uleule, siku chache baada ya kazi kuisha, samoni wa chinuki wakaonekana kule Oregon juu ya palipokuwa bwawa la nne, mara ya kwanza tangu 1912. Haya mawili yalifaa yasimuliwe pamoja mbele ya watu wote, na kwenye zile karatasi wanazogawa, kurasa nne za fotokopi hafifu, hayamo. Karatasi nazo waziandike upya kwa Kiswahili. Majina ya samaki wayape maelezo, mkubwa kama nini, apenda maji gani, aliwa vipi. Mvuvi ataelewa.

Nyota nawapa nne kwa tano. Meza peke yake ni tano, mzee ni tano, chakula nne na nusu, kuchelewa na slaidi ndizo zimekula. Ukiwa na mtoto wa darasa la sita kwenda juu mpeleke, kulikuwa na msichana mmoja pale wa kama miaka kumi na mbili aliyekuwa aushika ubao kwa mikono miwili na hakutaka kuuachia. Vaa viatu vya kulowa. Beba maji yako ya kunywa. Kaa mbele.

Tulipokuwa kwenye feri jioni mamangu alikuwa kimya muda mrefu, alafu akasema wale kina mama wa karai wote Likoni wangeiona ile meza. Jumatatu akanifanya nimpigie mwalimu. Mzee akasema ataileta, yeye ataka kivuli, maji ndoo sita na pahala pa kuchomeka pampu, na kwa kina mama hatatoza kitu. Ndoo zishapatikana. Stima mama ameshaongea na yule ami wa duka la pembeni, amekubali kwa siku moja, na mimi nimetumwa Kongowea nikanunue choroko na kunde, kilo mbili mbili, na mshipi mweusi.